Usingizi wa Kigiriki Kaloleni

Kilio nilikisikia kabla sijaiona nyumba. Nilikuwa bado upande wa pili wa uwanja, na ua wa michongoma ulikuwa kati yetu, lakini nilijua ni yeye. Watoto wengine wa Kaloleni walilia kisha wakanyamaza. Huyu hakuwa na kituo. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kavu, kama msumari unaoburutwa juu ya bati, na wanawake waliokuwa wakifua kwenye mfereji hawakuinua tena vichwa vyao kwa ajili yake. Mmoja tu ndiye aliyesema nami nilipopita.

"Mwalimu, huyo mtoto wa dada yako anaita mtu."

"Anaita nani?"

"Si ndiyo mnatafuta?"

Ilikuwa Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi karibu na Mamboleo, na karibu kila jioni nilipitia kwa dada yangu, kwenye chumba alichopanga baada ya kufiwa. Mume wake alikuwa amekufa kwa homa wakati mimba ilikuwa changa. Tulimzika kwao Usenge, dada akakaa matanga kama inavyotakiwa, kisha akarudi mjini kwenye kazi yake. Alikuwa akiunganisha simu. Mchana kutwa alivaa vyuma masikioni na kuchomeka waya, sauti za watu wengine zikipita ndani yake. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kukiri. Mtoto alizaliwa, wa kike, mzima, na baada ya wiki chache akaanza kulia.

Hospitali walimpima masikio, tumbo na damu. Hana kitu, walisema. Walimpima dada pia, kwa sababu alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa kama ya mtu anayetazama moshi. Walimwambia alale. Alicheka. Tangu mazishi hakuwa amelala usingizi wa kuitwa usingizi.

Kwetu Wajaluo mtoto anayelia bila ugonjwa analilia jina. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hilo ni la kanisani. Jina la pili hudaiwa na mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, naye hudai katika ndoto. Humjia mama au nyanya akiwa amelala, akaomba maji, au akasimama tu bila kusema, na asubuhi mtoto huitwa kwa jina la mgeni huyo. Asipokuja mtu, wakubwa humchukua mtoto magotini na kuyataja majina ya marehemu moja moja, wakisubiri lile litakalomnyamazisha.

Jioni ile nilimkuta mama mkwe wa dada akifanya hivyo. Alikuwa amefika kutoka Usenge, miguu bado ina vumbi la safari, chumba kizima kikinuka dagaa wa omena aliotuletea. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyopasuka kwa chumvi na jua. Alitaja jina, akangoja. Mtoto akalia. Akataja jingine. Jina la mama yake mzazi alilitaja mara nyingi kuliko mengine, kila mara akiinama karibu zaidi na sikio la mtoto, kana kwamba anambembeleza mama yake mwenyewe. Mtoto akazidi kulia.

Hatimaye alimgeukia dada yangu, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Wewe unalala?"

"Nafumba macho, Mama."

"Nimeuliza kama unalala."

"Silali."

"Basi mtu atakuja kwako namna gani, na uko macho kama askari wa benki?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetafuta njia. "Jumapili baada ya kanisa tutakwenda Usenge. Wewe na mtoto. Kule kuna wanawake wazee, wanalala vizuri. Tutamlaza mtoto kati yao mpaka jina lije."

Dada alinitazama, na nilielewa alichotaka nielewe. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha. Asiporudi Jumatatu, kiti chake kwenye mitambo ya simu kingekaliwa na msichana mwingine, na walikuwa wengi waliokuwa wakikitolea macho. Lakini hofu kubwa haikuwa kiti. Mjane anayekwenda kwa wakwe na mtoto mchanga asiye na jina haendi kutembea, anakwenda kurithiwa. Kulikuwa na shemeji yake mmoja ambaye, tangu matanga, alikuwa amelibadilisha paa la nyumba yake ndogo, na kila mtu Usenge alijua paa hilo jipya lilikuwa linamngoja nani.

*

Siku zile tulikuwa vijana wachache tuliokuwa tukiandika. Tulikutana Jumamosi kwenye baraza ya mwalimu wetu wa zamani huko Milimani, katika nyumba yenye bustani pana, na humo ndani mlikuwa na kamusi kubwa ya Kiingereza iliyopewa meza yake peke yake. Tulisomeana hadithi na mashairi, tukakosoana bila huruma, kisha tukaiendea kamusi ile kama watu wanaokwenda kisimani. Wakati huo niliamini kwamba ukilichimba neno hadi kwenye mzizi utakuta ukweli wake umelala pale, mbichi, haujaguswa. Sikuwa nimeamini kitu kingine kwa nguvu namna hiyo.

Mmoja wetu alikuwa mwanafunzi wa udaktari, kijana wa Maragoli aliyekuwa likizoni. Mashairi yake yalikuwa mabaya na mikono yake ilikuwa mizuri. Wiki chache nyuma alikuwa ametuonyesha jambo alilojifunza vitabuni. Alimkalisha mwenzetu mmoja kwenye kiti, akamwambia atazame kalamu, akasema naye kwa sauti ya chini, na baada ya muda mkono wa yule mwenzetu ukapanda juu wenyewe ukabaki hewani hadi alipoambiwa aushushe. Kwa Kiingereza alichofanya kinaitwa "hypnosis". Sisi tulilitamka hipnosisi, tukicheka.

Jumamosi ile sikucheka. Niliifungua kamusi nikalitafuta neno. Lilitoka kwa Wagiriki wa kale, na kwao mzizi wake ni usingizi. Si kizunguzungu wala kiinimacho. Usingizi. Mwalimu wetu, aliyekuwa akimwagilia maua, akaongeza kwamba Wagiriki hao waliufanya usingizi kuwa mungu, mwana wa usiku, na pacha wake alikuwa mauti. Nilisimama pale na kidole changu kikiwa juu ya ukurasa. Pacha wa mauti! Kumbe watu wale, mbali hivyo na ziwa letu, walijua kwamba aliyelala na aliyekufa wanaweza kukutana. Nilihisi kama nimeokota ufunguo.

"Unaweza kumlaza mtu asiyelala?" nilimwuliza mwanafunzi.

"Kumlaza sijui. Kumtuliza naweza."

"Neno linasema usingizi."

"Maneno husema mengi," alijibu. Lakini nilipomweleza habari za mtoto, na Usenge, na paa jipya, aliikunja karatasi yake ya mashairi akasema atakuja.

*

Jumapili tulitoka kanisani kimya kimya. Mizigo ilikuwa tayari imefungwa, nguo za mtoto zikiwa ndani ya kitambaa cha maua juu ya meza. Basi la kwenda Bondo, njia ya Usenge, lilikuwa liondoke alasiri. Mwanafunzi alikuja amevaa tai, na kwa ajili yake sote tuliacha Kijaluo tukazungumza Kiswahili, kila mtu kwa kadiri yake.

Mama mkwe alimtazama toka viatu hadi tai. "Hii ndiyo daktari ya usingizi?"

"Bado nasoma, Mama."

"Unasoma kulala?" Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akampakata mtoto aliyekuwa akilia. "Haya. Fanya. Lakini mimi niko hapa, naangalia. Akilala kweli na mtu akija, sawa, mtoto abaki. Mtu asipokuja, basi hatungoji. Na asidanganye. Mimi nimeona watu wengi wamelala."

Dada alikaa akimwelekea mwanafunzi. Nilivuta pazia. Mwanafunzi akatoa kalamu yake ya wino, ile yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, akaiinua juu kidogo ya macho ya dada, akaanza kusema. Sauti yake ilibadilika. Ilikuwa tambarare, bila haraka, ikirudi ilikotoka na kuanza tena. Macho yako yamechoka. Kope ni nzito. Mabega yanashuka. Unapumua polepole. Kope ni nzito zaidi.

"Hata ng'ombe ikiambiwa hivyo italala," mama mkwe alinong'ona.

"Mama, tafadhali," nilisema.

Macho ya dada yalijifumba. Uso wake ulilegea, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona msichana niliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Mwanafunzi alimwambia mkono wake wa kulia ni mwepesi, na mkono ukapanda. Ulipanda polepole, vidole vikining'inia, ukasimama hewani. Nilihisi nywele za shingo yangu zikisimama pia. Umelala, nilisema moyoni. Umelala, sasa aje, yeyote, aje.

"Kuna mtu anakuja," mwanafunzi alisema. "Anakaribia. Mtazame. Ni nani?"

Kope za dada zilicheza.

"Usiwe na haraka. Mtazame uso wake."

"Hakuna mtu."

Nilitaka kumziba mdomo. Mwanafunzi alijilamba midomo, akajaribu tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Labda yuko mbali. Ngoja afike."

"Hakuna," dada alisema, macho yake yangali yamefumbwa. "Nasikia maji ya mfereji. Nasikia mtu anakaanga samaki. Nasikia mtoto amenyamaza."

Hapo ndipo sisi wawili tulipogeuka. Ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa amelala magotini mwa nyanya yake, ngumi zake zimefunguka. Na nyanya mwenyewe, aliyekuja kulinda usingizi wa mwingine, kichwa chake kilikuwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, na mkoromo wake wa kwanza ulipanda chumbani taratibu kama mtu anayevuta kiti sakafuni.

*

Mwanafunzi alimwambia dada ashushe mkono na afungue macho. Dada alifungua, akaona tulichokuwa tunakiona, akajifunika mdomo.

"Ulilala," nilimnong'oneza. "Mkono ulipanda wenyewe."

"Niliuona ukipanda. Nilikuwa hapa hapa. Sikulala hata kidogo."

"Lakini neno—"

"Neno lina makosa," mwanafunzi alisema, huku akiifunga kalamu yake kwa aibu. "Nilitaka kukwambia jana. Aliyelitunga alikuwa daktari Mskoti, mpasuaji, karne iliyopita. Aliona watu wamefumba macho, akadhani ni aina ya usingizi, akachukua neno la Wagiriki. Baadaye akagundua hawalali. Wanasikia kila kitu. Ni akili tu iliyoshika jambo moja ikaacha mengine. Akataka kulifuta neno lake, akatunga lingine, la Kigiriki pia, lenye maana ya wazo moja. Wapi! Watu walikuwa wamekwisha kulizoea la kwanza."

"Wazo moja," dada alisema.

"Ndiyo."

"Hilo ninalo tangu nimzae huyu. Hukuhitaji kuniletea."

Alisema kwa upole, lakini neno lilinichoma. Nilikuwa nimekwenda hadi kwenye mzizi, nikarudi na mzizi mikononi, na mti wenyewe ulikuwa umeota kwingine. Mtu aliyekosea kulipatia jambo jina alikuwa amejua kosa lake, akapiga kelele, na hakuna aliyemsikia. Mimi, pamoja na kamusi yangu, nilikuwa nimempeleka dada yangu kwenye kosa hilo.

Nje, watu walikuwa wanapita na mizigo kuelekea stendi. Mkoromo ulikatika, ukaanza tena. Mwanafunzi alitazama saa yake.

"Mchukue mtoto," alimnong'oneza dada. "Nenda kwa jirani mpaka basi liondoke."

"Halafu kesho?"

"Kesho utakuwa kazini."

"Na mtoto atakuwa analia. Na huyu atakuwa hapa mlangoni." Mkono wa dada ulikwenda kwenye blanketi la mtoto, ukagusa ncha, ukarudi. Kwetu mwenye kutafuta jina akilala na mtoto magotini haamshwi, wala mtoto haondolewi. Dada hakuwa mtu wa kuogopa mila, lakini hili hakuweza.

"Basi akiamka mwambie jina," nilisema. "Lolote. Mwambie umemwona mume wako."

Dada alinigeukia, na sijawahi kusahau macho yale. "Nimwambie mama yake nimemwona, na sikumwona?"

Tuliketi pale watatu, tukimtazama mwanamke mmoja akilala. Uso wake haukutulia. Nyusi zilikunjamana, midomo ikaenda kama ya mtu anayebishana, mguu mmoja ukaruka. Mara moja alitoa sauti ya kukataa, "A-a," wazi kabisa, nasi tulishtuka kama watoto waliofumaniwa. Kilichokuwa kikiamuliwa mle ndani hatukuwa na njia ya kukiingilia. Maisha ya dada yangu, kiti chake, chumba chake, yote yalikuwa nyuma ya kope zile mbili, nasi tulibaki nje tukisikiliza pumzi.

Honi ya basi ililia mbali, upande wa stendi, ikiwaita abiria. Mama mkwe alifungua macho.

Hakumtazama mtoto. Alitazama kiti cha mwanafunzi, kwa hasira, kwa muda mrefu, mpaka kijana wa watu akasimama na kukipisha.

"Ameenda?"

"Nani, Mama?" dada aliuliza.

"Huyo mwanamke." Akafuta mdomo kwa ncha ya leso. "Nipe maji."

Nilimpa. Alikunywa yote, akashika kikombe kitupu.

"Mama, ulilala kweli?" mwanafunzi aliuliza. Nadhani ni udaktari ndani yake uliouliza.

"Wewe unalaza watu na hujui mwenye amelala?" Akamgeukia dada. "Ni wifi yangu. Dada ya mzee wangu. Ile yenye mdomo."

Dada alikuwa amesikia habari zake nusu nusu kwa mumewe. Mimi nilikuwa sijui lolote, na mama mkwe alinieleza mimi, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kumwambia mtu wa nje.

"Nilikuwa bibi arusi wakati aliacha bwana yake. Akakuja hapa Kisumu, akapika chapati ya watu wa reli. Mzee alituma watu wamrudishe nyumbani. Akawapa chapati, wakakula, akawaambia kwaheri. Tukatuma tena. Chapati tena! Mimi nilimtukana, na yeye alinitukana, yaye, mdomo ile! Akafia hapa. Akazikwa hapa, kwa makaburi ya watu wasiojuana. Kwetu hakuna mtoto amepewa jina yake. Hatukutaka."

"Amesema nini?" dada aliuliza.

"Hakusema kitu. Nilimwambia, toka, simtaki wewe, nangoja mama yangu. Nimemwita mama yangu siku ngapi? Akaniangalia tu. Akakaa kwa kiti ya huyu daktari." Alinyoosha kidole. "Akavua viatu. Akaweka pamoja, hivi, chini ya kiti. Mnaelewa? Mtu wa kwenda safari havui viatu."

Mtoto alijinyoosha, akafungua mdomo, na sote tulijua kinachofuata. Mama mkwe aliinama. Nilidhani atajaribu tena jina la mama yake. Niliona midomo ikilianza. Kisha akasema lile jingine, lile ambalo ukoo haukulitaka, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita jirani. Mtoto akafunga mdomo. Alimtazama nyanya yake. Alikuwa ametoka kulala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na huenda ilikuwa hilo tu. Jina lenyewe ni la mwenyewe, yuko hai, na siliandiki hapa.

"Uwi," mama mkwe alisema polepole. "Hata wewe unamjibu."

Alimkabidhi dada mtoto. Akaenda mezani, akafungua fundo la kitambaa cha maua, akatoa nguo ndogo moja baada ya nyingine, akiikunja upya kila aliyoitoa. Dada alianza kulia, bila sauti.

"Mama, lala hapa leo. Uende kesho."

"Kwenda ni leo. Kule wametandika kitanda, wanangoja mtoto. Nani atawaambia?" Alijifunga kitambaa kitupu kiunoni. "Na mwambie shemeji yako atafute mtu wa nyumba yake. Ama nitamwambia mimi. Ee, nitamwambia mimi."

Nimeandika tangu siku ile, na nimefungua kamusi nyingi, lakini sijui hadi leo kama alimwona wifi yake kwa kuwa alikuja, au kwa kuwa chumba kile, na kilio kile, na mwanamke kijana asiyetaka kurudishwa, vilimkumbusha. Najua tu kwamba mtu anayetunga ndoto hutunga ile anayoitaka. Yeye hakuitaka. Niliuona uso wake akikunja zile nguo.

Mwanafunzi alijitolea kumsindikiza hadi stendi. Mama mkwe alimkatalia kwa mkono.

"Wewe kaa. Ukisema na dereva atalala."

Tulicheka, hata dada, huku machozi yakimtoka. Mama mkwe hakucheka. Alisimama mbele ya mtoto, akamgusa unyayo kwa kidole chake kilichopasuka, kisha akamtazama dada yangu.

"Mkimwita, mwite kwa nguvu. Huyo hasikii mtu ya kunong'ona."

Akatoka kwenye mwanga wa alasiri, akauvuta mlango nyuma yake mpaka kitasa kikashika.